Mama Aliyebandikwa Stempu

Kila Jumanne saa tano na dakika kumi asubuhi, meli ya moshi iitwayo Kamalini ilipita mbele ya kijiji cha Karambe ikielekea kusini, na kila Ijumaa saa nane mchana ilipita tena ikirudi Bombay. Haikusimama. Ilipiga honi mara moja, magurudumu yake mawili ya ubavuni yakachapa maji kama wanawake wafuao nguo, na majivu ya makaa ya mawe yakaja kutua juu ya samaki walioanikwa kwenye miamba. Wanawake wa Karambe walikwisha kuzoea kuwafunika samaki wao dakika tano kabla ya honi.

Zamani ilisimama. Kisha mkaguzi wa kampuni akalowa suruali alipokuwa akishuka kwenye mashua ya Karambe, tena mbele ya mkewe, na mwezi uliofuata jina la kijiji likafutwa kwenye orodha ya bandari. Mashua moja ilijaribu kuisogelea meli ikiwa mwendoni, gurudumu likaivuta na kuivunja pamoja na watu wawili waliokuwamo. Kampuni ilituma barua ya masikitiko, na kwenye karatasi hiyo hiyo, chini kidogo, ikapiga marufuku chombo chochote kuikaribia meli baharini.

Kinachokera ni kwamba meli yenyewe ilikuwa mikononi mwa Karambe. Serahangi wake, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa Isak Solkar, mzaliwa wa hapo, na pwani ile serahangi huchukua watu wake kutoka kwao. Isak alikuwa na watu kumi na wanne, wapwa na mashemeji na majirani. Waliweka dole gumba kwenye mkataba Septemba, mvua zinapokwisha, na hawakukanyaga nyumbani mpaka mwisho wa Mei, bahari inapofungwa. Kwa miezi tisa walipita mbele ya milango yao mara mbili kwa wiki. Waliona nani amepaka chokaa ukuta na mbuzi wa nani ameingia shambani mwa nani. Msimu mmoja Isak aligombana na jirani yake juu ya mpaka wa ua, na ugomvi huo ulichukua Jumanne sita na Ijumaa sita, maneno machache kila safari, mpaka jirani akakubali kuusogeza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asijitupe tu majini akaogelea kwao. Serahangi akitoroka, watu wake wote hufukuzwa na meli hupewa kijiji kingine. Isak aliwajua watoto wa wale kumi na wanne kwa majina, na wengine yeye ndiye aliyewaadhinia sikioni walipozaliwa.

Mama yake aliitwa Hurbi. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane, mwenye ulimi mkali na uvumilivu mdogo. Wanawake wa pwani ile wana namna yao ya kumuaga msafiri. Mama humshika mwanawe uso kwa viganja viwili, huvipitisha kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kisha huvirudisha kwenye panja zake mwenyewe na kuvikandamiza vidole mpaka vialike. Kila kidole kinachoalika ni balaa moja lililotoka kwa mtoto na kuingia kwa mama, ambaye ana mahali pa kuliweka. Hurbi alikuwa akifanya hivyo kila Septemba tangu Isak alipoanza ubaharia. Mwaka ule meli iliitwa siku mbili mapema, naye alikuwa matangani kwa dada yake kijiji cha pili. Aliporudi alikuta mkeka umekunjwa, na Isak amekwenda baharini na balaa zake zote.

Zikaanza kuonekana. Oktoba kamba ilimbabua Isak viganja. Novemba roda ya kupitishia kamba ilianguka kutoka mlingotini ikamkosa kwa kiasi cha dhiraa moja. Desemba mnyororo wa nanga ulimkata kidole cha mguu. Habari zote hizi zilimfikia Hurbi, kwa sababu abiria wana midomo. Mwezi huo huo utando mweupe ulimaliza macho yake yote mawili, na Januari tabibu wa Jaigad akamsikiliza kifua, akamwambia mkwewe Zulekha, mke wa Isak, kando kwamba mama huyu hatafika mvua. Hurbi alikuwa kipofu, si kiziwi.

"Basi ni lazima nimshike kabla," alisema.

"Mama, meli haisimami," Zulekha alimjibu.

"Nani kasema isimame? Nielekeze pwani ilipo."

Jumanne ya kwanza ya Februari alishuka na fimbo yake mpaka mahali mawimbi yanapoishia, akasikiliza honi iko upande gani, akaendelea kutembea. Maji yalimbeba. Yalimfika kwenye nyayo tu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini Hurbi hakuyavulia hata viatu. Wanawake waliokuwa wakifunika samaki walimtazama, mmoja akamwambia Zulekha kwamba angemfunga mama kilemba, jua ni kali kule nje. Watu wa Karambe si watu wa kushangaa ovyo.

Aliyemwona kwanza melini ni mpishi, Kasam Bangi, aliyekuwa akimwaga maganda ya vitunguu.

"Serahangi, mama yako yuko baharini."

"Kwa mashua ya nani?"

"Kwa miguu."

Isak aliweka kamba chini, akaja. Hurbi alikuwa umbali wa kutupa jiwe, fimbo mkononi, sari yake ya kijani imepandishwa kidogo ili isilowe.

"Isak! Uko upande gani?"

"Huku, mama! Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwa meli?"

Mpaka Isak apate jibu, gurudumu lilikwisha mpita mama, na mkondo wa nyuma wa meli ukamyumbisha akakaa kitako juu ya maji. Aliinuka, akasema jambo kuhusu nahodha ambalo Kasam alilisikia na hakupenda kulirudia, akageuka kurudi nyumbani.

Nahodha alikuwa Mwingereza, Kapteni Pellow. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. Alimtazama Hurbi kwa darubini, kisha akaagiza aletewe ule waraka wa marufuku. Waraka ulitaja mashua, mitumbwi, ngalawa na maboya. Haukutaja miguu, basi akaurudisha kwenye droo.

Ijumaa Hurbi alitoka mapema zaidi, akaenda mbali zaidi, akasimama katikati ya njia ya meli. Kapteni aliamuru usukani ugeuzwe nyuzi tano kumkwepa na akaandika kitabuni: mwanamke, amesimama. Jumanne aliandika hivyo tena. Wazee wa Karambe waliona hapo pana nafasi. Waliandika maombi kwa kampuni kwamba, kwa kuwa hata mkongwe kipofu analazimika kuifuata meli kwa miguu, basi kijiji kirudishiwe bandari yake. Majibu yalikuja haraka kuliko majibu yoyote ya kampuni yaliyowahi kuja. Kampuni ilifurahi kusikia kwamba wakazi wanaweza kuifikia meli kwa miguu, na kwa sababu hiyo haikuona tena haja ya bandari.

Isak alivua kofia, akapanda kwenye roshani ya usukani.

"Saheb, naomba Ijumaa tusimame kidogo pale kwetu. Dakika tatu tu."

"Kwa sababu gani?"

"Mama anataka kunishika uso."

Kapteni Pellow alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Na yeye alikuwa na mama, mahali penye baridi. "Serahangi, meli hii husimama baharini kwa mambo matatu. Ukungu, moto, na barua. Uso haumo."

"Kukiwa na ukungu je?"

"Kukiwa na ukungu tutasimama. Lakini hapo hutamwona."

"Yeye haoni hata sasa, Saheb."

Kapteni alikubali kwamba hilo ni kweli. Wakangoja ukungu wiki mbili, wote wawili, na haukuja, kwani Februari si mwezi wa ukungu. Moto Isak aliufikiria siku moja, akaona aibu.

Ikabaki barua. Melini mlikuwa na chumba cha barua, chenye mlango wa chuma na tundu la kutumbukizia bahasha, na ndani yake alikaa karani wa posta, Sadashiv Limaye, Mbrahmani wa Ratnagiri mwenye miwani na mabinti watano. Isak alisimama mlangoni.

"Bwana Limaye, barua ni nini?"

Limaye alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alivua miwani, akaifuta.

"Barua, Serahangi, ni kitu chochote chenye stempu, muhuri na anwani."

"Lazima kiwe karatasi?"

"Nani kasema? Nimesafirisha nazi, anwani imechongwa juu. Nimesafirisha nyuki, malkia na walinzi wake sita."

"Wazima?"

"Wazima kabisa. Angalia hapa shingoni."

"Na mwanamke wa miaka sabini na miwili?"

Limaye alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kurasa tatu huku midomo ikicheza. Akakifunga. Akakifungua tena upande wa nyongeza. "Hakukatazwa," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo.

"Na akishapanda?"

"Nasoma anwani, namkabidhi mwenyewe. Wewe uko melini, utakabidhiwa melini. Dakika tano hazifiki."

Isak alitaka kumshika mkono. Limaye aliurudisha nyuma kwa heshima, kwa kuwa Mbrahmani akiguswa na mtu wa dini nyingine hulazimika kuoga upya kabla ya kula, naye alikuwa bado hajala. Wakacheka wote wawili. Isak hakuwa amecheka tangu Septemba.

Ujumbe ulishuka Ratnagiri na muuza nyavu, ukafika Karambe Jumatano: mama abandikwe stempu, agongwe muhuri, aandikwe anwani yangu, na Ijumaa mwinue bendera ya manjano ya barua. Bendera hiyo haikuinuliwa tangu mashua zipigwe marufuku, kwa kuwa barua hazina miguu. Mwenye duka wa Karambe ndiye aliyeuza stempu na kutunza muhuri wa kijiji. Alifanya kila kitu vizuri. Stempu zilikataa kushika kwenye nguo, akazilamba upya na kuzibandika kwenye paji la uso wa Hurbi, nne kwa safu. Muhuri aliupiga mkononi, Zulekha akampepea mama mpaka wino ukauka. Anwani aliiandika kwenye kipande cha kitambaa akakishonea begani, kwa mwandiko wake mzuri, kama alivyoiandika kwa miaka thelathini kila mke au mzazi alipomtumia baharia salamu: Isak Solkar, Serahangi, Meli Kamalini, Bombay. Karambe haijui namna nyingine ya kuandika. Kwa watu wa Karambe meli hupita tu pale, nyumbani kwake ni Bombay.

Ijumaa saa nane bendera ya manjano ilipanda, kengele ya mitambo ikalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane Kamalini ikasimama mbele ya Karambe. Kimya kilikuwa kikubwa, hata kuku walisikika. Hurbi alikuja juu ya maji akiongozwa na sauti ya Zulekha kutoka pwani. "Kulia, mama! Kulia kidogo! Sasa nyoosha!" Kanuni inataka barua iingie melini ndani ya mfuko, basi mfuko wa turubai uliteremshwa, Hurbi akaingia mpaka kifuani na kuishika kamba. Aliyeivuta ni Isak. Alimwona akipanda, stempu zinang'aa kwenye paji, ananusa huku na huku kama paka. Lakini mfuko wa barua haushikwi na mtu ila karani, na Isak alikwisha apishwa juu ya jambo hilo mara tisa, kila mwanzo wa msimu. Limaye aliupokea, akauingiza chumbani, akafunga mlango wa chuma kama ilivyo desturi, akasoma kitambaa.

Hakutoka. Isak aligonga.

"Serahangi," sauti ya Limaye ilitoka ndani, "nani kaandika hii?"

"Mwenye duka. Kuna nini?"

"Kaandika Bombay."

"Ndiyo. Si ndivyo inavyoandikwa?"

"Angeishia kwenye jina la meli, ningekukabidhi sasa hivi. Kaandika Bombay. Hii ni barua ya Bombay."

"Bwana Limaye, mimi huyu hapa! Nimesimama mlangoni!"

"Nakusikia. Wewe uko hapa. Anwani iko Bombay."

Karani aliyemtangulia Limaye aliwahi kumpa bwana harusi barua yake bandari moja kabla ya wakati, kwa kumhurumia, na sasa alikuwa akipima chumvi kwenye ghala mbali na kwao, bila pensheni. Limaye alisema haya huku akilia, maana alikuwa mtu mwema, na mlango haukufunguka. Mitambo ilianza tena. Dakika tatu za barua zilikuwa zimekwisha.

Isak alichukua nyundo, akazitazama bawaba za mlango. Yeye ndiye aliyezigongomea na alijua zingetoka kwa mapigo mawili. Nyuma yake walisimama mabaharia kumi na wanne wa Karambe, na hakuna aliyesema vunja wala usivunje. Mmoja wao, aliyepata mtoto Januari na hajamwona, alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Isak aliweka nyundo chini.

"Isak?" Hurbi aliita ndani. "Kuna tundu hapa. Linapitisha upepo."

"Ni tundu la barua, mama."

"Lete uso."

"Hauingii."

"Lete unachoweza."

Alipitisha vidole vitatu. Hurbi alivishika, akavipapasa kimoja kimoja. "Hivi vya nani?"

"Vyangu, mama."

"Mwanangu hana vidole kama hivi. Hivi ni magome."

"Ni kamba, mama. Kamba imenifanya hivyo."

"Basi lete sikio."

Isak aligeuza kichwa akaligandamiza sikio kwenye chuma, na ncha yake ikaingia. Hurbi aliishika kwa vidole viwili, akaivuta kama alivyoivuta alipokuwa mtoto, kwa nguvu.

"Sikio ni lako," alisema. "Sikio nalijua."

"Chukua hapo hapo, mama. Chukua balaa kwa sikio."

"Acha upuuzi. Balaa halichukuliwi kipande. Nikichukua la sikio, yaliyobaki usoni yatakasirika." Alikohoa muda mrefu. "Bombay ni mbali?"

"Kesho asubuhi."

"Nitangoja. Huyu bwana ana adabu. Ananimiminia maji viganjani, anaimba kidogo. Nenda kazini, babaangu, nasikia wanakuita."

Ni kweli walikuwa wakimwita, Jaigad ilikuwa mbele. Isak alikwenda kutengeneza kamba, na alilia waziwazi, na aliyemcheka hakuwapo.

Bombay mifuko ya barua hushuka kwanza, kabla ya abiria wa daraja la juu. Isak alimwona mama yake akipandishwa kwenye gari la ng'ombe pamoja na mifuko mingine kumi na saba, kichwa kimetokeza, anauliza watu kama hapo ndipo. Mabaharia hawaruhusiwi kushuka mpaka meli ioshwe na makaa yapakiwe, na makaa yalipakiwa mpaka Jumapili. Jumapili Isak alitembea mpaka kwenye ofisi ya barua, akakuta milango imefungwa. Jumatatu asubuhi alikwenda tena. Karani wa dirishani, kijana mwenye tambuu mdomoni, alipekua daftari.

"Solkar, Serahangi. Ndiyo, ipo. Imekwisha pangwa kwenye sanduku la meli yako."

"Nipe sasa, ndugu yangu. Ni mama."

"Barua za meli hukabidhiwa melini, baba. Zinakuja leo alasiri. Ungebaki kule kule ungeipata bila kuchoka hivi."

Alisema hivyo kwa nia njema, akamshauri njia ya mkato ya kurudi gatini.

Kamalini ilitoka saa kumi alasiri. Ilipopita mnara wa taa, afisa wa pili alisimama karibu na ngazi na kusoma majina, kama kawaida. Kasam alipata barua ya deni la dukani. Baharia yule mwenye mtoto alipata alama ya unyayo iliyopigwa kwa masizi kwenye karatasi. Kisha afisa akasema, "Solkar, kifurushi kimoja," na watu wawili wakauleta mfuko wa turubai.

Hurbi alikuwa na mihuri sita zaidi. Mmoja ulipigwa Jumamosi jioni na mwingine Jumapili asubuhi, na mahali fulani kati ya mihuri hiyo miwili alikuwa amekufa. Baadaye ilijulikana kwamba mpiga muhuri wa Jumamosi alimsikia akikohoa na kuomba maji, lakini kazi yake ilikuwa kupiga muhuri, na mwenye kazi ya maji alikuwa amekwenda nyumbani.

"Weka dole gumba hapa kwamba umepokea," afisa alisema, akashika kofia yake kidogo.

Isak aliweka dole gumba. Kisha akakaa sitahani na kumtoa mama yake kwenye mfuko, akambandua stempu kwenye paji kwa mate, taratibu ili ngozi isichubuke. Akaichukua mikono yake miwili. Ilikuwa baridi na mizito. Akaiweka usoni mwake mwenyewe, kwenye paji, akaipitisha kwenye macho, kwenye mashavu, mpaka kidevuni. Akairudisha kwenye panja za mama na kuvikandamiza vidole. Mabaharia kumi na wanne walisimama wakihesabu kimyakimya. Vilialika vinane. Viwili vilikataa, akajaribu tena, vikakataa tena.

"Vinane si haba, Serahangi," Kasam alisema.

"Si haba," Isak alijibu.

Jumanne asubuhi alipanda kwa Kapteni Pellow bila kofia. Aliomba meli isimame Karambe ili mama akazikwe. Kapteni alikuwa amekwisha soma kanuni usiku mzima akitafuta njia, na macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba alipokuwa barua ingewezekana kusimama, lakini barua iliyopokelewa kwa dole gumba si barua tena. Na maiti haruhusiwi kukaa melini zaidi ya siku moja. Limaye, aliyesimama nyuma, alisema anaweza kumbandika stempu mpya, ila barua za Karambe huteremshwa Ratnagiri na kupelekwa na mkimbiaji wa miguu anayezunguka vijiji vyote, siku tatu, na jua la siku zile lilikuwa kali.

"Amesafiri vya kutosha," Isak alisema. "Nitamweka majini mbele ya kwao."

Saa tano na dakika kumi walimswalia. Hawakumwosha, hapakuwa na mwanamke wa kumwosha. Kapteni alivua kofia na kuamuru kengele ipigwe badala ya honi, na mwendo ukabaki ule ule wa maili tisa kwa saa. Walimteremsha nyuma ya gurudumu, kwa kamba mbili, ndani ya sari yake ya kijani. Isak aliachia ncha yake mwisho. Hurbi hakuzama. Alilala juu ya maji kama juu ya mkeka, mawimbi ya meli yakampandisha na kumshusha, mkondo wa asubuhi ukaanza kumsogeza pwani. Mmoja wa mabaharia aliuliza kama wangefunga jiwe, wenzake wakamwambia anyamaze.

Isak hakukaa kutazama. Ratnagiri ilikuwa mbele, na serahangi mahali pake ni omo, mbele penye kamba na nanga, si shetri kule nyuma. Alikwenda na watu wake, wakaanza kukunjua kamba. Aliyebaki shetri ni Kasam, aliyekuwa na vitunguu vya kumenya. Alikaa huko mpaka Karambe ikapotea nyuma ya rasi, kisha akaja mbele akijifuta mikono.

"Wametoka na mashua mbili," alisema. "Wamempokea. Hawakumvuta, wamemnyanyua vizuri."

"Nani kamshika kichwa?"

"Mkeo."

Isak alitikisa kichwa kukubali. Aliangalia fundo alilokuwa amefunga, akaona limekaa vibaya, akalifungua.

"Na miguu?"

"Sikuona, Serahangi. Tulikuwa tunakwenda kasi."